Kijana Mkimbiaji Akichoka, Je, Mitishamba Itamsaidia?

Katika nyanda za juu kama Mbulu na Iten, vijana wengi hukimbia asubuhi na jioni wakitumaini kupata riziki kwa miguu yao. Lakini wengine hufika mahali ambapo kadiri wanavyozidisha mazoezi, ndivyo mbio zao zinavyopungua. Hapo ndipo watu huanza kuwatafutia mizizi, magome na unga wa chupani.

Dalili zake ni zipi?

Mazoezi huuchosha mwili. Mapumziko na chakula ndivyo vinavyoujenga. Mazoezi yakizidi, kijana huamka amechoka, hapati usingizi mzuri, hana hamu ya kula, hukasirika ovyo na miguu huwa mizito. Msichana anaweza kukosa siku zake. Wazazi, msidhani hiyo ni kawaida ya wakimbiaji. Mara nyingi ni ishara kwamba chakula hakitoshi, na mifupa yake inaweza kudhoofika hata kupata nyufa.

Kwanza apimwe

Hakuna kipimo kimoja kinachoonyesha uchovu wa mazoezi. Ni lazima kwanza magonjwa mengine yatafutwe: malaria, safura, upungufu wa damu, homa ya matumbo na kifua kikuu. Yote haya humfanya mtu achoke. Mpelekeni zahanati apimwe, pamoja na wingi wa damu. Kumnywesha mizizi kwa majuma mengi ni kuuacha ugonjwa uendelee.

Na mitishamba je?

1. Tangawizi. Ikitumika kila siku katika chakula au chai, inaweza kupunguza kidogo maumivu ya misuli. Haina madhara kwa watu wengi, ila anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kwanza.

2. Mukombero. Mzizi huu hutafunwa sana magharibi ya Kenya kwa kuamsha hamu ya chakula na nguvu. Haijathibitishwa kwamba unaponya uchovu wa mazoezi.

3. Ashwagandha. Mmea huu ni maarufu katika tiba za Kihindi, na siku hizi huuzwa kwa vidonge. Uchunguzi mdogo mdogo umeonyesha faida kiasi kwa pumzi na usingizi. Hata hivyo, baadhi ya watumiaji wamepata madhara ya ini, na mwaka 2023 Denmark iliupiga marufuku. Mjamzito asiutumie kabisa.

4. Efedra. Huu ni mmea wa kuepukwa. Huamsha mwili kwa nguvu na kuushtua moyo. Mwaka 2004 Marekani ilikataza uuzaji wa vidonge vya nyongeza vyenye efedra. Kemikali yake, efedrini, imo katika orodha ya dawa zinazokatazwa wakati wa mashindano.

Jihadharini pia na unga usiojulikana kilichomo. Mwanariadha hubeba lawama ya chochote kitakachoonekana katika mkojo wake, hata kama alikunywa bila kujua. Anaweza kufungiwa miaka kadhaa.

Tiba yenyewe

Mitishamba haiwezi kuchukua nafasi ya mapumziko. Mkimbiaji aliyechoka hivi:

– Apunguze au asimamishe mazoezi. Hali nyepesi huisha kwa siku au majuma machache. Hali nzito huweza kupita miezi miwili.

– Ale ashibe: ugali, wali au viazi, pamoja na maharage, dagaa, nyama au mayai, mboga za majani na matunda. Chai asinywe pamoja na chakula, maana huzuia mwili kupata madini ya chuma. Asubiri kama saa moja.

– Alale usiku saa nane au zaidi. Kazi za shamba na kuchota maji nazo zihesabiwe kuwa mazoezi.

– Akianza tena, aanze kidogo kidogo, na kila juma awe na siku ya kupumzika.

Wazazi, kijana akisema amechoka, msimwite mvivu. Mpeni nafasi apumzike, mpeni chakula, na mkimwona hapati nafuu, mleteni tumpime.