Kona Huamuliwa Kabla ya Kuingia: Bodaboda na Mgonjwa wa Delta ya Rufiji

Atokaye visiwa vya delta ya Rufiji hushukia boti Nyamisati, kisha hutafuta pikipiki ya kumfikisha Bungu, kwenye barabara kuu iendayo Dar es Salaam kwa upande mmoja, Lindi na Mtwara kwa upande wa pili. Mjamzito mwenye rufaa, mtoto mwenye homa kali, mzee wa shinikizo la damu: wengi wao huwa abiria wa bodaboda kabla hawajawa wagonjwa wa Kibiti. Kwa hiyo namna dereva anavyokata kona ni jambo la tiba pia.

Mwaka 1981, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza zilipotokea, eneo la Los Angeles. Katika zile zisizohusisha chombo kingine, takribani theluthi mbili zilitokana na kosa la mwendeshaji, hasa kubana breki hadi tairi likateleza, au kuingia kona kwa kasi na kutoka nje ya njia. Los Angeles si Kibiti, lakini tairi halijui tofauti.

Nguvu ya kuikunja pikipiki kwenye kona huongezeka kwa mraba wa mwendo: mwenye kilomita 60 kwa saa huhitaji mshiko wa ardhi mara 2.25 ya mwenye kilomita 40. Mshiko huohuo ndio unaotumiwa na breki. Ukidaiwa kazi zote mbili kwa pamoja, hautoshi. Hivyo mwendo hupunguzwa na gia hushushwa pikipiki ikiwa bado wima. Ndani ya kona mafuta hushikwa kwa utulivu, wala hayafungwi ghafla. Macho nayo yana amri: anayelikodolea shimo huishia shimoni, anayetazama mwisho wa kona hufika huko.

Kwa kuwa tunaendesha kushoto, kona ya kushoto ndiyo niiogopayo zaidi. Mwendo ukizidi, pikipiki husukumwa kulia, mbele ya basi litokalo Mtwara. Kona ya kulia hukutupa pembeni, mchangani.

Njia za ndani zina sheria yake. Kwenye mchanga mzito pikipiki hailazwi, na breki ya mbele huachwa. Masika yakifika, udongo wa mfinyanzi huteleza kama bamia. Hapo kushuka na kusukuma si aibu.

Abiria naye hubadili mambo. Akiogopa na kuegemea upande wa pili wa kona, humlazimisha dereva kuilaza pikipiki zaidi. Mwuguzi anayemwaga mgonjwa na amweleze: mshike dereva kiunoni, tazama juu ya bega lake la upande wa kona, lala pamoja naye. Aliyelegea au anayepotewa na fahamu hawezi kuyafanya hayo. Huyo atafutiwe gari, hata kama yupo ndugu wa kumshikilia kwa nyuma, maana mshikaki huo huongeza uzito na kumnyima dereva nafasi ya kujisogeza. Na kofia ngumu ziwe mbili: mapitio ya tafiti ya Cochrane yalionyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kifo kwa takribani asilimia 42, na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69.

Dereva aliyevunjika mguu wa kulia akumbuke kuwa ndio mguu wa breki ya nyuma. Asirudi kazini mpaka aweze kukanyaga kwa nguvu bila maumivu, na daktari wake akubali.

Kwetu sisi wa chumba cha majeruhi, swali la “uligongana na nini?” hujibiwa “sikugongana na kitu”, na faili huishia hapo. Tuulize pia: ilikuwa kona? Ya upande gani? Ulifunga breki ukiwa umeilaza? Ulibeba wangapi? Majibu yakiandikwa kwa miezi kadhaa, kona iletayo majeruhi kila mara itajitokeza yenyewe, na mganga mfawidhi ataweza kuomba alama ya onyo au mchanga kuondolewa: TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, TARURA kwa njia za wilaya.