Uwanja wa Ndege Huhitaji Lini Mnara na Zimamoto?

Kila unapozuka mjadala wa kurefusha njia ya ndege katika Uwanja wa Malindi, swali la kwanza huwa la ardhi na fidia. Lipo swali la pili ambalo husikika kwa nadra, ingawa linagusa usalama wa abiria na wa majirani wa uwanja: ndege kubwa zaidi zikija, nani ataziongoza, na moto ukizuka nani atafika wa kwanza?

Nani anahusika na nini

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi hizi. Usafiri wa ndege uko chini ya serikali ya kitaifa. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, KAA, husimamia uwanja wenyewe, nayo Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, huongoza ndege angani na kuhakikisha kanuni zinafuatwa. Serikali za kaunti zimepewa huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga, uzoaji wa taka na mipango ya matumizi ya ardhi. Kwa hivyo kaunti haijengi mnara, lakini ina wajibu wake nje ya ua wa uwanja.

Mnara hutegemea msongamano

Si kila uwanja una mnara. Viwanja vingi vidogo nchini, vikiwemo vile vya Maasai Mara, hupokea watalii bila mnara. Huko marubani hutangaziana kwa redio mahali walipo na wanachokusudia kufanya, kisha kila mmoja huangalia wenzake.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, halijaweka idadi moja ya ndege ambayo ikifikiwa mnara lazima ujengwe. Nchi hutakiwa kupima mambo manne: aina za ndege zinazotumia anga hiyo, wingi wake, hali ya hewa, na mambo mengine ya mahali hapo, kama vile milima au viwanja jirani.

Aina za ndege zina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ndege kumi zenye mwendo sawa, zinazofuata njia moja, ni rahisi kupanga. Ndege tano zikiwa za mafunzo, za kukodishwa na za abiria zenye mwendo wa kasi, hatari huongezeka. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ndogo ya mafunzo na ndege ya abiria iliyokuwa ikielekea Diani ziligongana angani Nairobi. Watu 2 waliokuwa katika ndege ndogo walifariki. Ndege ya abiria ilirejea Wilson na waliokuwemo wakanusurika. Uwanja wa Wilson una mnara. Mnara hupunguza hatari, hauiondoi.

Kati ya mnara na kutokuwa na huduma yoyote kuna ngazi ya katikati. Afisa aliye uwanjani humpa rubani taarifa za upepo, hali ya njia na ndege nyingine zilizo karibu, lakini hampi amri ya kutua au kuruka. Uamuzi hubaki kwa rubani.

Zimamoto hutegemea ukubwa wa ndege

Kwa zimamoto, hesabu ziko wazi zaidi. ICAO imeweka viwango kuanzia 1 hadi 10 kulingana na urefu wa ndege na upana wa kiwiliwili chake. Ndege aina ya Cessna Caravan, yenye urefu wa karibu mita 13, iko kiwango cha 3. Dash 8-400, yenye urefu wa karibu mita 33, iko kiwango cha 6.

Tofauti hiyo ina gharama. Kwa povu la kiwango B, kiwango cha 3 huhitaji gari 1 na angalau lita 1,200 za maji. Kiwango cha 6 huhitaji magari 2 na lita 7,900, pamoja na wazima moto waliofunzwa kazi hiyo. Uwanja unaweza kushuka kiwango kimoja ikiwa ndege hizo kubwa zinatua na kuruka chini ya mara 700 katika miezi 3 mfululizo yenye shughuli nyingi zaidi. Hiyo ni chini ya mara 8 kwa siku, yaani ndege zisizofika 4 zinazotua na kuondoka.

Muda nao umepimwa. Gari la kwanza linatakiwa kufika popote kwenye njia ya ndege ndani ya dakika 3, na lengo ni dakika 2. Gari la zimamoto linalotoka mjini, likipita katikati ya matatu na tuktuk, haliwezi kutegemewa kutimiza muda huo. Ndiyo maana uwanja huwa na kikosi chake, nacho kikosi cha kaunti huja kuongeza nguvu, kuokoa watu nje ya ua na kusaidia kuwafikisha majeruhi hospitalini. Mpango wa dharura wa uwanja hutakiwa kufanyiwa zoezi kamili angalau kila baada ya miaka 2, ili vikosi hivi visikutane kwa mara ya kwanza siku ya ajali.

Wakazi wanaweza kufanya nini

Njia ndefu huvuta ndege kubwa, na ndege kubwa hupandisha mahitaji ya uokoaji. Katika vikao vya ushiriki wa umma kuhusu upanuzi wa uwanja wowote, wakazi wana haki ya kuuliza: ni ndege gani itakuja, kiwango gani cha zimamoto kimepangwa, na nani atalipia.

Kila siku pia kuna ya kufanya. Taka zikitupwa karibu na uwanja huvuta kunguru na ndege wengine wanaoweza kuingia ndani ya injini. Mifugo isilishwe penye mwanya wa ua, na ua uliokatwa uripotiwe kwa wasimamizi wa uwanja. Ajali ikitokea, piga 999 au 112, kisha acha barabara wazi. Msongamano wa watazamaji unaweza kuyazuia magari ya zimamoto na ambulensi wakati kila dakika inahesabiwa.