Je, Wajua? Ningu, Mbuta na Nyavu Zinazorudi Nyepesi

Je, wajua kwamba Kakamega haina ziwa, lakini ina samaki wake aliyepotea? Ni ningu. Mvua za masika zilipojaza mito, alitoka Ziwa Victoria akapanda Nzoia na Yala kwenda kutaga, na watu wa mitoni wakamngojea kwa migono. Kisha nyavu za kutega zikapangwa midomoni mwa mito, zikamnasa akiwa na mayai tumboni. Kufikia mwaka 1965 wataalamu walikuwa tayari wanaandika jinsi ningu alivyopungua, na jinsi uvuvi wa jadi wa Nzoia ulivyodorora pamoja naye. Mbuta, samaki mgeni anayekula samaki wenzake, ana makosa yake mengi, lakini hili la ningu msimsingizie. Aliletwa ziwani miaka ya 1950, lakini hakutawala hadi miaka ya 1980.

Je, wajua kwamba malalamiko ya nyavu tupu yana karibu miaka mia? Nyavu za kutega ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905. Kabla ya miaka 25 kupita, Mwingereza Michael Graham alitumwa kuchunguza kwa nini ngege, perege wa asili wa ziwa hilo, wanapungua. Ushauri wake ulikuwa mfupi: tundu la wavu lisipungue inchi 5. Sheria ikapitishwa mwaka 1933. Katika miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, na mwaka 1961 Kenya ikaiondoa sheria hiyo. Leo inchi 5 zimerudi kwenye kanuni!

Ngege yule wa asili? Mtafute Ziwa Kanyaboli, Siaya. Unayeuziwa sokoni kwa jina lake kwa kawaida ni mgeni aliyeletwa ziwani.

Je, wajua kwamba tani nyingi hazimaanishi riziki nyingi? Mwaka 2000 wavuvi wa nchi tatu zinazozunguka ziwa walikuwa karibu 130,000. Kufikia 2012 walizidi 200,000, na ziwa halikuongezeka hata shubiri. Ndiyo maana swali la maana ni kila mtumbwi umerudi na nini. Jumla ya tani huficha mengi.

Na katika ziwa hilo la nchi tatu, sehemu ya Kenya ni takriban asilimia 6 tu.

Je, wajua kwamba mgongo wazi unaokaangwa kando ya barabara ni mabaki ya mbuta ambaye minofu yake imepanda ndege kwenda ng'ambo? Kibofu chake cha hewa, ambacho Mwanza huitwa bondo, huuzwa Uchina kwa bei inayoipita nyama kwa mbali. Sisi tumebaki na mifupa, na tunaisifu kwa ugali.

Je, wajua kwamba Kenya hufunga uvuvi wa omena, dagaa wa Ziwa Victoria, kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaane? Ukiwaona omena wabichi wakiuzwa mwezi Juni, muulize mama muuzaji wamevuliwa upande gani wa mpaka.