Ergoti: Kuvu ya Nafaka katika Tiba ya Antroposofia

Ergoti ni kuvu inayoota kwenye masuke ya nafaka, hasa rai, nafaka jamaa ya ngano inayolimwa katika nchi za baridi za Ulaya. Jina lake la kisayansi ni Claviceps purpurea. Pale ambapo punje ingekomaa hutokea pembe ngumu, nyeusi yenye wekundu wa zambarau, iliyopinda kama kipi cha jogoo, yenye urefu wa sentimita 1 hadi 4 hivi. Pembe hiyo imewahi kuua watu wengi waliokula mkate wake bila kujua. Baadaye ilitoa dawa inayookoa wazazi wanaovuja damu. Na hadi leo imo katika orodha ya dawa za tiba ya antroposofia, mfumo wa utabibu ulioasisiwa Uswisi mwanzoni mwa karne ya 20. Mambo hayo matatu hayafanani, na hayana uthibitisho wa kiwango kimoja.

Kuvu na maisha yake

Maisha ya ergoti huanza rai inapochanua. Spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, hupeperushwa na upepo na kutua juu ya ua. Badala ya ua kutunga punje, kuvu hulivamia na kulikalia. Baada ya siku chache ua hutoa utomvu mtamu wenye kunata uliojaa spora mpya. Wadudu huufuata utamu huo na kuzisambaza spora katika maua mengine. Utomvu ukikauka, pembe nyeusi huanza kukua. Wakati wa mavuno baadhi ya pembe hudondoka chini na kulala ardhini majira yote ya baridi. Joto likirudi, huchipuza vijiti vidogo vyenye vichwa vya mviringo ambavyo hurusha spora hewani, na mzunguko huanza upya. Mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, Louis René Tulasne, alionyesha mwaka 1853 kwamba hatua zote hizo ni za kiumbe kimoja.

Ergoti ina jamaa zake barani Afrika. Mtama hushambuliwa na Claviceps africana, ambayo nayo hufanya masuke yadondoshe utomvu wa kunata na kumpunguzia mkulima mavuno ya mbegu. Hata hivyo kuvu iliyoingia katika historia ya tiba ni ile ya rai.

Sumu iliyoitwa moto

Pembe ya ergoti ina kundi la kemikali ziitwazo alkaloidi. Kwa umbo, kemikali hizo hukaribiana na zile ambazo mwili wenyewe hutumia kupeleka ujumbe, kama vile noradrenalini, dopamini na serotonini. Kwa sababu hiyo huweza kujipachika mahali pa kemikali za mwili na kutoa amri zisizotakiwa. Athari kubwa mbili ni kubana mishipa ya ateri na kukaza misuli ya mfuko wa uzazi.

Katika Ulaya ya kale, rai iliyochanganyika na ergoti ilisagwa na kuokwa mikate. Walioila mara kwa mara walipata moja kati ya namna mbili za ugonjwa, au zote mbili. Namna ya kwanza ilianza kwa maumivu ya kuunguza katika mikono na miguu. Damu ilikosa njia, viungo vikawa vyeusi, vikakauka na hata kukatika kwa donda ndugu. Namna ya pili ilishambulia neva, ikaleta degedege na kuona mambo yasiyokuwapo. Kwa sababu ya ule muwako, watu waliuita ugonjwa huo Moto wa Mtakatifu Antoni. Mwishoni mwa karne ya 11 ilianzishwa nchini Ufaransa jumuiya ya watawa wa Mtakatifu Antoni waliojitolea kuwauguza wagonjwa hao. Monasteri yao ya Isenheim ndiyo iliyochorewa na Matthias Grünewald, kati ya 1512 na 1516, picha maarufu za altare ambazo sasa zinahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Unterlinden mjini Colmar.

Ugonjwa huo haukuishia karne za kale wala Ulaya pekee. Mwaka 1977 na 1978 ulizuka katika eneo la Wollo nchini Ethiopia, ambako shayiri ilikuwa imechanganyika na magugu yenye ergoti. Leo usafishaji wa nafaka kwa mashine, ukaguzi wa unga na kubadilisha mazao shambani vimeifanya sumu hii kuwa nadra.

Kutoka kwa wakunga hadi maabara

Wakunga wa Ulaya waligundua mapema kwamba ergoti huamsha uchungu wa uzazi. Daktari Mjerumani Adam Lonitzer aliyataja matumizi hayo katika kitabu chake cha mitishamba mwaka 1582. Mwaka 1808 daktari John Stearns wa New York aliwafahamisha madaktari wenzake juu ya unga huo unaoharakisha kujifungua. Ukawa maarufu, lakini kipimo chake hakikutabirika, kwa kuwa pembe moja huwa na alkaloidi nyingi na nyingine chache. Mifuko ya uzazi ilipasuka na watoto wakafia tumboni. Mwaka 1824 David Hosack, naye wa New York, alionya kwamba ergoti isitumiwe kuharakisha uzazi, bali kuzuia damu baada ya mtoto kuzaliwa.

Ili kipimo kijulikane, ilibidi kwanza alkaloidi zitenganishwe. Mwaka 1918 mwanakemia Arthur Stoll, wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, alipata ergotamini, ambayo baadaye ilitumika kutibu kipandauso. Mwaka 1935 Harold Dudley na Chassar Moir, huko London, walitangaza ergometrini, alkaloidi inayokaza mfuko wa uzazi haraka. Ni katika maabara hizo za Sandoz pia ambako Albert Hofmann alitengeneza LSD mwaka 1938 akitumia asidi ya laiseji, kiini cha alkaloidi za ergoti. Uwezo wake wa kuvuruga fahamu aliujua mwaka 1943.

Ergometrini ingali katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Katika hospitali za Afrika Mashariki, kama kwingineko, kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi. Dawa inayotangulia ni oksitosini, na ergometrini ni mojawapo ya zile zinazoweza kutumika nayo au badala yake. Masharti yake ni mawili. Haipewi mama mwenye shinikizo la juu la damu au dalili za kifafa cha mimba, kwa sababu hubana mishipa. Pia huhifadhiwa kwenye jokofu, mbali na mwanga, maana joto na mwanga huiharibu.

Antroposofia ni nini

Antroposofia ni falsafa ya kiroho ya Rudolf Steiner (1861–1925), mwanafikra aliyekulia Austria. Fikra zake ziligusa elimu kupitia shule za Waldorf, kilimo kupitia mbinu ya biodinamiki, na hatimaye utabibu. Mwaka 1920 alitoa mfululizo wa mihadhara kwa madaktari huko Dornach, karibu na Basel. Mwaka uliofuata daktari Mholanzi Ita Wegman (1876–1943) alifungua kliniki katika kijiji jirani cha Arlesheim, na kampuni ya dawa ambayo sasa inaitwa Weleda ikaanza. Kitabu walichokiandika pamoja kuhusu kupanua sanaa ya uponyaji kilitoka mwaka 1925, Steiner akiwa amekwisha fariki. Mwaka 1935 Rudolf Hauschka alianzisha WALA, kampuni nyingine kubwa ya dawa hizo nchini Ujerumani.

Mfumo huu haukatai utabibu wa kawaida. Daktari wa antroposofia husomea kwanza udaktari wa chuo kikuu, kisha huongeza mafunzo yake. Hospitali ya Herdecke, iliyofunguliwa Ujerumani mwaka 1969, ina wodi, upasuaji na chumba cha wagonjwa mahututi kama hospitali nyingine. Kinachoongezwa ni namna ya kumtazama mgonjwa. Steiner alifundisha kwamba mtu ana sehemu nne: mwili unaoonekana, nguvu za uhai, nafsi yenye hisia, na utu wenyewe. Aliugawa pia mwili katika mifumo mitatu: neva na hisi, ambayo kitovu chake ni kichwa, mdundo wa moyo na mapafu, na umeng'enyaji pamoja na viungo vya kutembea na kutenda. Ugonjwa huelezwa kuwa ni kuvurugika kwa uwiano wa sehemu hizo.

Mimea nayo husomwa kwa mtazamo huo. Mzizi hulinganishwa na mfumo wa neva, jani na mfumo wa mdundo, ua na tunda na mfumo wa umeng'enyaji. Mmea wenye sumu huelezwa kuwa umeingiliwa kwa kina na nguvu za nafsi, ambazo katika mmea wa kawaida huugusa kwa nje tu. Kuvu haina mzizi, jani wala ua, na haijitengenezei chakula kwa mwanga wa jua. Ndiyo maana katika mafundisho haya huwekwa kando na mimea ya kijani.

Ergoti katika dawa za antroposofia

Kwenye vibandiko vya dawa hizi ergoti huandikwa kwa jina la Kilatini, Secale cornutum. Sehemu ya matumizi yake imerithiwa kutoka homeopathi, mfumo uliojengwa na daktari Mjerumani Samuel Hahnemann, aliyeandika mwaka 1796 kwamba kitu kinacholeta dalili fulani kwa mtu mwenye afya huponya dalili za namna hiyo kwa mgonjwa. Sumu ya ergoti huleta viungo vya baridi, ganzi, maumivu ya kuunguza na ukosefu wa damu. Kwa hiyo, kwa kanuni hiyo, ergoti iliyozimuliwa hupewa mtu mwenye miguu ya baridi, ganzi vidoleni na mzunguko hafifu wa damu katika ateri. Dalili inayotiliwa mkazo zaidi ni ngozi kuwa baridi ikiguswa ilhali mgonjwa mwenyewe anahisi kuungua na hataki kufunikwa.

Antroposofia huongeza mambo yake. Ergoti mara nyingi huchanganywa na madini, kama kwatzi au jiwe lenye risasi. Steiner alihusisha risasi na kukakamaa kwa mwili uzeeni, ikiwemo kukakamaa kwa mishipa, na kwatzi na mfumo wa neva na hisi. Mchanganyiko huo hukusudiwa kuurudishia mwili uwiano kati ya kukakamaa na uhai. Hutolewa kama vidonge vidogo vya sukari au sindano ya chini ya ngozi.

Utengenezaji hufuata uzimuaji wa hatua kwa hatua. Sehemu 1 ya dawa huchanganywa na sehemu 9 za kimiminika na kutikiswa kwa mdundo. Hiyo ni D1. Sehemu 1 ya mchanganyiko huo huchanganywa tena na sehemu 9, ikawa D2. Kwa hesabu hiyo, D6 ina sehemu 1 ya dawa ya awali katika milioni 1. Kufikia D30 hakuna matarajio ya kubaki hata molekuli moja ya ergoti. Watengenezaji wa antroposofia huamini kwamba mtikiso na mdundo huipa dawa nguvu ambazo kemia haizipimi. WALA, kwa mfano, huandaa dondoo za mimea bila pombe kwa kuzipitisha katika joto na baridi, mwanga na giza, kufuatana na mapambazuko na machweo.

Ushahidi na sheria

Kwa upande wa sayansi, tofauti kati ya ergometrini na ergoti ya antroposofia ni kubwa. Ya kwanza ina kiasi kinachojulikana cha alkaloidi moja, na matokeo yake huonekana ndani ya dakika chache mfuko wa uzazi unapokaza. Ya pili hutegemea taswira ya mtu ambayo haipimiki maabara, na hakuna majaribio makubwa ya kitabibu yaliyothibitisha kwamba hufungua ateri zilizoziba. Kati ya dawa za antroposofia, iliyofanyiwa utafiti mwingi zaidi ni ulimbolimbo wa Ulaya unaotumiwa kwa wagonjwa wa saratani, na hata huo matokeo yake yanabishaniwa.

Sheria za nchi kadhaa hata hivyo zimeipa antroposofia nafasi. Sheria ya dawa ya Ujerumani ya mwaka 1976 huitambua pamoja na homeopathi na mitishamba kama mielekeo maalumu ya tiba, na dawa zake hupimwa na kamati ya wajuzi wa fani hiyo. Uswisi, wapiga kura waliunga mkono tiba mbadala mwaka 2009, na tangu 2017 bima ya lazima hulipia tiba ya antroposofia ikitolewa na daktari aliyeidhinishwa. Kutambuliwa kisheria huhusu usalama, ubora na uhuru wa mgonjwa kuchagua; si hati ya kuthibitisha kwamba dawa inaponya.

Tahadhari kwa mgonjwa

Ergoti isiyozimuliwa haifai kuchumwa wala kuandaliwa nyumbani. Dawa zake za hospitali nazo zina mwingiliano mbaya na dawa nyingine: ergotamini ikitumiwa pamoja na ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya dawa za VVU, au antibayotiki kama erithromaisini, huweza kubana ateri hadi kiungo kikafa. Mgonjwa anayetumia dawa hizo amweleze daktari kabla ya kupokea kitu chochote chenye ergoti. Anayenunua dawa yenye jina la Secale asome namba ya D iliyo kwenye kibandiko, kwa kuwa namba ndogo humaanisha alkaloidi nyingi zaidi. Na mguu unaopoa ghafla, kupauka na kuuma, au mzazi anayevuja damu, ni dharura ya hospitali. Hapo tiba ya kuzimuliwa haina nafasi.