Wanaokimbia Theluji: Ndege wa Ulaya Katika Bandari ya Bukavu

Bukavu haijui theluji. Mwaka wetu una vipande viwili tu: mvua kuanzia Septemba hadi Mei, kisha kiangazi cha Juni, Julai na Agosti, ambapo vumbi na moshi hutanda hadi milima ya Rwanda ng'ambo ya ziwa isionekane vizuri. Hata hivyo majira ya baridi ya Ulaya yana alama zake hapa kwetu, na mahali rahisi pa kuziona ni bandarini, pale boti za Goma zinapopakia mizigo na wavuvi wa sambaza wanaporudi alfajiri. Kuanzia Septemba hutua pale ndege ambao wiki chache kabla walikuwa Ufini, Urusi au Ubelgiji. Watakaa hadi Machi, wengine hadi Aprili. Kila siku watu wa mji hupita mbele yao bila kujua kwamba wamepishana na msafiri wa kilomita elfu sita na zaidi.

Wengi hudhani ndege hawa wanakimbia baridi yenyewe. Si hivyo hasa. Manyoya hutunza joto vizuri mno. Kinachowaondoa ni njaa. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi na chakula chake ni wadudu wanaoruka hewani, hana kingine. Ulaya ikifika Novemba, hewa haina nzi wala mbu, na mchana umekuwa mfupi kiasi kwamba hata wadudu wachache waliobaki hakuna muda wa kuwawinda. Wakati huohuo kwetu mvua zimekolea, nyasi zimechipua, na kumbikumbi wanatoka ardhini kwa maelfu kila mvua inapokatika. Safari ni ndefu na wengi hufa njiani, jangwani Sahara hasa, lakini anayebaki hafiki Januari.

Wazungu wenyewe walichelewa kulielewa jambo hili. Kwa karne nyingi wasomi wao waliandika kwamba mbayuwayu hulala chini ya matope ya maziwa hadi baridi ipite. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz kaskazini mwa Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umempitia shingoni, mkuki wa Kiafrika wenye urefu wa sentimita 80 hivi. Alikuwa ameruka nao kutoka huku hadi kule. Korongo huyo alikaushwa na bado anatunzwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwindaji aliyemrushia mkuki alikosa kitoweo, ila alitoa ushahidi ambao maprofesa waliutafuta miaka yote wasiuone. Sidhani kuna aliyempelekea shukrani.

Bandari inamfaa anayeanza kwa sababu za kawaida kabisa. Ndege wa msituni utamsikia mara kumi kabla hujamwona mara moja. Wa bandarini amezoea injini, mapipa na makelele ya wachukuzi, na mara nyingi atakuacha umkaribie hata hatua sita au saba. Tena bandarini pana taka, na penye taka pana nzi. Nenda kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, wakati boti za sambaza, zile zinazofungwa tatu pamoja kwa miti mirefu, zinapofika na taa zake na samaki wanashushwa.

Kuna onyo moja. Darubini bandarini huleta maswali. Hapo ni mahali pa askari, forodha na uhamiaji, na katika hali ya usalama ya mkoa wetu mtu anayeelekeza vioo kwenye boti ataitwa pembeni, na si ajabu. Jitambulishe kwanza kwa wenye mamlaka, au iache nyumbani. Ndege nitakaowataja hapa wanatambulika kwa macho matupu.

Wa kwanza ni kitwitwi, ambaye wanasayansi humwita Actitis hypoleucos. Mtafute pale maji yanapogusa mawe, juu ya tairi kuukuu zilizofungwa gatini, au kwenye kamba nene ya boti. Mgongo wake ni wa rangi ya udongo, tumbo jeupe, na weupe huo hupanda begani mbele ya bawa ukaacha kipande kinachoonekana wazi hata kwa mbali. Nusu ya nyuma ya mwili wake haitulii: inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, hata akiwa amesimama hana anachokula. Akishtuka hupita chini kabisa juu ya maji, mabawa yakitetemeka kwa mapigo mafupi na kunyooka kidogo kabla ya kutetemeka tena, huku akitoa mluzi mwembamba mara tatu au nne. Kwao ni kingo za mito kuanzia Ulaya magharibi hadi mashariki ya mbali ya Asia.

Usimchanganye na yule mweusi kwa mweupe anayetembea juu ya mabati na kutikisa mkia mrefu. Huyo ni mzaliwa wa hapa, hahami, na Julai utamkuta palepale. Anaye ndugu mgeni mwenye tumbo la njano, apendaye kufuata ng'ombe ili ale wadudu wanaoshtuliwa na kwato. Bandarini hupita tu, lakini kwenye malisho ya Kabare na Walungu huonekana miezi yote ya mvua.

Ila kama una asubuhi moja tu, iweke kwa mbayuwayu. Tunao wa kwetu, na mmoja wao anafanana sana na mgeni, kwa hiyo tazama tumbo na kifua. Mgeni ana tumbo jeupe au la rangi ya maziwa, koo la kahawia nyekundu, na chini ya koo mshipi mpana wa buluu iliyokaribia weusi. Wa kwetu ana tumbo la kijivujivu, wekundu wa koo umeteremka hadi kifuani, na mshipi wake umekatika katikati. Ukishamjua, njoo umwangalie mgeni mwezi Januari anapogeuka juu ya maji. Bawa lake lina pengo. Bawa la pili lina pengo lilelile, mahali palepale. Zile nyuzi mbili ndefu za mkia hana, au ana moja na nyingine ndiyo kwanza inaota. Mtu anaweza kudhani ameponea kwenye makucha ya mwewe.

Hajajeruhiwa. Anabadilisha manyoya. Mbayuwayu wa Ulaya hayabadilishi manyoya ya kurukia huko anakozalia. Huko ana makinda ya kulisha, kisha ana safari. Kazi hiyo huifanya Afrika, unyoya mmoja mmoja, upande wa kulia ukienda sawa na wa kushoto ili asipoteze mwelekeo angani. Inamchukua miezi kadhaa, na malighafi yake ni nzi na kumbikumbi wa huku. Mkia mrefu ambao dume hujivunia mbele ya majike anapofika Ubelgiji mwezi Aprili au Mei umeota huku Afrika. Wataalamu wanaweza hata kulipima jambo hilo: hidrojeni iliyomo ndani ya unyoya hubeba alama ya mvua za mahali unyoya ulipoota, kwa hiyo kipande kidogo kilichokatwa kwenye mkia wa mbayuwayu aliyeko kwenye zizi la mkulima wa Flandria kinaweza kuonyesha alikaa upande gani wa bara letu. Mimi nikisikia mtu anawaita hawa ndege wa Ulaya waliokuja kututembelea, namwomba ahesabu miezi.

Wengine nitawapitia haraka. Buabua mwenye mabawa meupe huokota chakula juu ya maji bila kuzama. Kuanzia Oktoba ni wa kijivu na mweupe, ana doa jeusi nyuma ya jicho, lakini Aprili akikaribia kuondoka mwili wake huwa mweusi tii na mabawa hubaki meupe, na hapo hata mtoto atamtambua. Keremkerem wa Ulaya, mwenye koo la njano na mgongo wa kahawia, hupita juu sana mwezi Oktoba na tena Machi, na kwa kawaida utasikia sauti kabla ya kumwona. Mwewe ni tatizo. Wa kwetu ana mdomo wa njano na mgeni ana mdomo mweusi, sheria nzuri kabisa, isipokuwa makinda ya wa kwetu nayo yana mdomo mweusi. Andika "mwewe" uendelee na safari.

Sasa tuondoke ziwani twende Kamituga, kilomita 180 hivi kusini-magharibi, kwa ile barabara ya Mwenga ambayo kila dereva wa lori ana hadithi yake. Mji huo unajulikana kwa dhahabu na kwa mgodi wa Mobale. Wachache wanajua kwamba pia una nafasi kubwa katika elimu ya ndege wa Afrika. Enzi za Wabelgiji, kampuni ya Minière des Grands Lacs ilikuwa na mtaalamu wa kusafisha madini aitwaye Alexandre Prigogine, aliyezaliwa Urusi mwaka 1913, ndugu wa Ilya Prigogine aliyepata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977. Mshahara wake ulitoka kwenye mawe, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Aliwaajiri wakusanyaji wenyeji waliopanda milima ya Itombwe na kurudi na ndege waliokaushwa, kila mmoja akiwa na kikaratasi kilichofungwa mguuni: tarehe, mahali, kimo. Wengi wako leo katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Kitabu chake juu ya ndege wa Itombwe na nchi inayoizunguka kilitoka kwa sehemu, ya kwanza mwaka 1971.

Machi 1951, pale Muusi milimani Itombwe, kimo cha zaidi ya mita 2,400, alipatikana bundi ambaye sayansi haikuwa inamjua. Mtaalamu wa wanyama Henri Schouteden alimtangaza mwaka uliofuata na kumpa jina la Prigogine. Kisha kimya cha miaka 45, hadi mwaka 1996 watafiti waliponasa jike mmoja kwa wavu katika msitu wa Itombwe, wakampiga picha, wakamwachia. Kuna pia ndege wa usiku, wa jamii ya wale wanaolala chini kwenye majani makavu, aliyepatikana Itombwe mwaka 1955. Alikaa kabatini Tervuren hadi 1990 ndipo akatambuliwa kuwa wa aina ya pekee, na yeye pia akapewa jina la mkubwa wa Kamituga. Waliopanda mlima hawakuachiwa hata unyoya mmoja wenye jina lao. Hilo lilikuwa jambo la kawaida nyakati zile, na bado linaniudhi.

Ninachotaka msomaji akichukue kwa wakusanyaji wale ni kile kikaratasi. Bila tarehe na mahali, ndege aliyekaushwa ni pambo tu. Vita vilivyoanza mwaka 1996 vilifanya utafiti wa Itombwe kuwa kazi ya hatari, na ingawa hifadhi ya asili ilitangazwa huko mwaka 2006, maandishi ya kila msimu kutoka upande wetu ni haba. Mtu wa bandarini anayeandika "kitwitwi wa kwanza" na tarehe, mwaka hadi mwaka, anaandika kitu ambacho Tervuren hawana. Mwezi Januari, ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi za Afrika kwa wakati mmoja; daftari lenye Januari tano mfululizo za gati moja linafaa kuliko safari moja ya fahari milimani.

Kamituga haina bandari, ila ina anga. Kabla ya dhoruba ya alasiri, tazama juu ya mashimo ya wachimbaji: teleka weusi wenye mabawa marefu yaliyopinda hujikusanya mbele ya wingu wakila wadudu wanaopeperushwa na upepo. Baadhi yao ni wa Ulaya. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walionyesha kwa vifaa vidogo vilivyofungwa mgongoni kwamba baadhi ya ndege hawa hukaa hewani miezi kumi bila kutua hata mara moja; wanakula, wanalala na kubadilisha manyoya wakiwa angani. Kaskazini hukaa kwa kutaga na kulea tu. Kekeo wa Ulaya naye, ambaye Waingereza wamekuwa wakimfuatilia kwa setilaiti tangu 2011, hukaa kwao wiki chache tu kisha husafiri hadi misitu ya bonde la Kongo. Huku haimbi, ndiyo maana hakuna anayemtambua.

Mara mojamoja ndege aliyekufa bandarini, au aliyenaswa kwenye wavu wa sambaza, huwa na pete nyembamba ya chuma mguuni. Si hirizi wala kifaa cha upelelezi. Imeandikwa herufi, namba, na jina la jiji au la makumbusho yaliyomvisha. Nakili kila herufi jinsi ilivyo, piga picha, andika siku, mahali na jinsi ndege alivyopatikana, kisha zipeleke habari hizo kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro au kwa jumba lililotajwa kwenye pete yenyewe. Akiwa hai, usiivue. Isome akiwa mkononi, umwachie.