Sura ya 2: Karatasi Unayopewa Wiki ya Kwanza

Katika wiki ya kwanza ya muhula, mwalimu wa kozi ya utangulizi wa uandishi wa programu hugawa karatasi mbili tatu zilizobanwa pini. Zina jina la kozi, idadi ya krediti, mada za kila wiki, mgawanyo wa alama na orodha ya masharti. Wanafunzi wengi hutazama tarehe za majaribio, wakazikunja na kuzitia ndani ya begi. Hukumbukwa wakati sapu (mitihani ya kurudia) zimetoka na mtu anatafuta pa kujitetea.

Sura hii inaisoma karatasi hiyo pamoja nawe. Nachukulia kwamba uko Sumbawanga, au umetoka huko. Zamani kijana wa Ufipa aliyetaka shahada ya ufundi alipanda basi kwenda Tunduma, akaendelea hadi Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300. Siku hizi Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kile kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi na kupanda hadhi kuwa chuo kikuu mwaka 2012, kina kampasi yake ya Rukwa mjini Sumbawanga. Chuo kimesogea, ila masharti ya kozi ni yaleyale ya Mbeya, Dodoma au Dar es Salaam, na mengi yana sababu ambayo karatasi haiisemi.

Tuanze na krediti, kwa sababu ndizo husomwa vibaya kuliko chochote. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Zigawe kwa muhula wa wiki 15, unapata saa 8 kwa wiki. Sasa fungua ratiba yako: mhadhara saa 2, maabara saa 2. Saa 4 nyingine ziko wapi? Ziko kwako, na hakuna atakayekugongea mlango wa geto kule Chanji au Katandala kukukumbusha. Katika masomo mengine mtu anaweza kukusanya madeni ya wiki kumi, akakesha na desa siku tatu kabla ya mtihani, akapita. Uandishi wa programu haukubali hivyo. Kinachopimwa ni uwezo wa kuona kosa na kuliondoa, na uwezo huo haupatikani kwa kusoma makosa ya wengine.

Tazama programu hii ya Python, ambayo ningempa mwanafunzi wa wiki ya pili. Mkulima wa Laela anataka kujua ana kilo ngapi za mahindi, na kila gunia lina kilo 100 (lumbesa tuiache kwanza):

magunia = input("Magunia mangapi? ")
kilo = magunia * 100
print(kilo)

Mwanafunzi anaandika 12 akitegemea kuona 1200. Kioo kinajaa 12121212, mstari mzima na zaidi, tarakimu 200. Wengine hucheka, wengine huzima mashine na kuiwasha upya. Kumbe kompyuta imefanya ilichoambiwa: chochote kinachopokelewa kwa amri ya input ni maandishi, na maandishi yakizidishwa mara 100 hurudiwa mara 100. Dawa ni kuyageuza kuwa namba kwanza:

magunia = int(input("Magunia mangapi? "))

Ningeweza kukuambia hilo kwa sentensi moja mhadharani, ukaandika, ukasahau. Ukihangaika nalo mwenyewe kwa dakika arobaini, hutalisahau hata ukizeeka. Saa 4 zile za kila wiki kazi yake ni hiyo.

Na programu ikikubali kukimbia, usidhani imekwisha. Mafundi wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, tanuri ndefu za udongo zilizozidi kimo cha mtu, na magofu yake bado yanaonekana sehemu kadhaa za Ufipa. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka, kikarudiwa katika tanuri ndogo ya kintengwe kwa mivukuto kabla mhunzi hajakigusa kutengeneza jembe. Programu yako ya magunia nayo ina raundi ya pili. Mtu akiandika "kumi na mbili" kwa maneno? Akiandika -5? Akibonyeza tu kitufe cha kuingiza bila kuandika kitu? Ndiyo maana kazi inayotoa jibu sahihi inaweza kurudi na alama 6 kati ya 10, na mwenyewe akaenda kulalamika kwamba ameonewa. Karatasi ilisema wazi: alama zipo za majina yanayoeleweka, za maelezo ndani ya msimbo, na za kujaribu data mbovu.

Kuhusu alama zenyewe sina mengi. Katika vyuo vyetu vingi kazi za muhula huchukua 40 na mtihani wa mwisho 60, na 40 kwa jumla ndiyo mstari wa kufaulu. Anayeanza mtihani akiwa na 12 kati ya 40 anajua mwenyewe jinsi alivyo karibu na sapu, na sapu zikirundikana mtu anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Majaribio ya wiki ya tano na ya kumi yana uzito zaidi kuliko yanavyoonekana.

Mahudhurio ni asilimia 75 kwa vyuo vingi, na chini ya hapo unaweza kuzuiwa kufanya mtihani. Kusainiana ni ugonjwa wa zamani. Mimi mhadhara simlaumu sana anayeukosa, kwa kuwa slaidi zipo na vitabu vipo. Anayekosa maabara ndiye hasara yake hailipiki.

Na hapa kwenye maabara ningependa tukae kidogo, kwa maana ndipo kozi inapookolewa au kuzama, na karatasi huwa na mstari mmoja tu juu yake. Nchi hii haikuanza na kompyuta nyingi. Ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta baada ya kuona hasara. Mambo yamebadilika, lakini bado si ajabu kukuta wanafunzi wawili au watatu kwenye mashine moja. Nani anashika kibodi? Daima ni yule aliyekwisha kuizoea: aliyesoma shule yenye kompyuta, au ambaye baba yake ana steshenari mjini. Aliyetoka sekondari ya kata huko Kalambo au bonde la Rukwa, ambaye kibodi ameiona kwa mara ya kwanza mwezi huo, anakaa pembeni na daftari. Wasichana nao husukumwa kwenye kazi ya kuandika ripoti, eti kwa sababu wana mwandiko mzuri. Kundi linakusanya kazi, wote wanapata 9, na mmoja tu ndiye amejifunza.

Sharti zuri la maabara, na kama karatasi yako haina basi jiwekeeni wenyewe, ni kubadilishana kibodi kila baada ya dakika 20. Asiyejua ndiye aandike, anayejua aelekeze kwa mdomo bila kugusa. Mwanzo inaudhi, anayejua anaona mkono wa mwenzake unatambaa kutafuta alama ya nukta mbili, anatamani kumnyang'anya. Avumilie. Kueleza kwa maneno jambo ambalo vidole vyako hufanya bila kufikiri ni zoezi gumu kuliko kuliandika, kwa hiyo naye hatoki bure.

Muda wa kukusanya kazi nao una mambo yake ya hapa. Walimu hutofautiana: mmoja hukata sehemu ya alama kwa kila siku ya kuchelewa, mwingine hapokei kabisa dakika ya kwanza ikishapita. Utetezi unaosikika kuliko wote ni umeme. Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuwa kwenye gridi ya Taifa. Umeme wake ulitoka Zambia kwa laini ya Mbala, ukisaidiwa na mashine za dizeli, na upungufu wa Wazambia ukawa giza letu. Mradi wa TAZA, wenye laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, umekusudiwa kumaliza hali hiyo. Kwa maoni yangu mwalimu anayefundisha Ufipa na asiyeruhusu dharura ya umeme hata moja kwa muhula anaadhibu mahali badala ya mwanafunzi. Lakini mwanafunzi aliyepewa siku kumi, akaanza usiku wa mwisho, asiutaje umeme. Hifadhi kazi kila dakika chache. Weka nakala kwenye flashi, na nyingine ujitumie kwa barua pepe wakati bando lipo. Ukiweza, jifunze mapema Git, chombo alichokitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005 cha kutunza kila toleo la msimbo; kitakuepusha na mafaili matano yanayoitwa "kazi_mwisho_mpya_kweli".

Tuje kwenye kudesa. Wanafunzi hulitumia neno hili kwa mambo mawili, la halali la kusoma maandishi ya waliotangulia na la haramu la kunakili kazi, na kozi ya programu huteseka kwa mkanganyiko huo. Utaambiwa "shirikianeni" na papo hapo "kila mtu afanye yake". Mstari unapita hapa: jadilianeni tatizo mpendavyo, ubaoni, chini ya mti, hata kwa kuchora hatua kwenye vumbi, kisha kila mmoja aondoke mikono mitupu na kuandika msimbo wake peke yake. Kama mwenzio alikusaidia, andika jina lake juu ya faili. Hakuna mwalimu mwenye akili anayeadhibu shukrani.

Anayedhani kubadilisha majina kunatosha ajue hili. Tangu mwaka 1994 ipo programu iitwayo MOSS, iliyoanzishwa na Alex Aiken, ambayo hulinganisha kazi za darasa zima kwa kutazama muundo. Ukibadili "kilo" iwe "uzito" na kupanga upya nafasi za mistari, yenyewe haibabaiki. Na hata pasipo MOSS, mwalimu ana njia ya bei rahisi: anakuita, anaweka kidole kwenye mstari, anauliza.

"Hii int nikiifuta, kitatokea nini?"

"Mwalimu, itakataa."

"Itakataa vipi?"

Aliyeandika mwenyewe atakumbuka zile 121212 na kutabasamu. Aliyenakili atatazama dari.

Chuo Kikuu cha Harvard, katika kozi yake ya utangulizi ya CS50, kiliweka mwaka 2014 kifungu cha majuto: mwanafunzi aliyedanganya akijitokeza mwenyewe ndani ya saa 72, adhabu inaishia ndani ya kozi, kwa mfano kazi hiyo kupewa sifuri, bila kumpeleka kwenye baraza la nidhamu. Ningefurahi kukiona kifungu cha namna hiyo kwetu. Wengi wanaonakili si wezi wa kuzaliwa, ni watu waliokwama saa sita usiku wakaona aibu kusema wamekwama.

ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, imeongeza ugumu. Kozi nyingine huipiga marufuku, nyingine huiruhusu kwa masharti, nyingine karatasi yao bado inanyamaza. Ikinyamaza, uliza kwa maandishi. Ushauri wangu kwa mwaka wa kwanza: iombe ikueleze maana ya ujumbe wa kosa, usiiombe ikuandikie jibu. Chumba cha mtihani hakitakuwa na bando, na mara nyingi hakitakuwa na kompyuta pia. Ndiyo, utaandika programu kwa kalamu. Siupendi utaratibu huo, kwani hakuna mtu anayeajiriwa kuandika msimbo kwenye karatasi, lakini pale mashine zisipotosha darasa zima ndio wa haki kuliko kuwapa wachache nafasi. Basi zoea mapema: kila wiki andika programu moja fupi kwa kalamu, uipitie mstari kwa mstari ukiandika pembeni kila thamani ilivyobadilika, ndipo uiingize kwenye mashine uone ulikosea wapi.

Karatasi ina saa za kumwona mwalimu. Hizo ni zako, zimelipiwa. Wanafunzi wetu hujaza mlango wake baada ya matokeo, na kabla ya hapo unabaki wazi. Ukienda, toa shikamoo yako, halafu usiseme "Mwalimu, programu yangu imekataa." Mwonyeshe ujumbe wa kosa ulivyo, mwambie ulitegemea nini, umejaribu nini. Mara nyingi utaligundua jibu ukiwa unajiandaa kueleza.

Mwalimu naye ana deni. Anapaswa kukupa karatasi hii mwanzoni mwa muhula, asibadili mgawanyo wa alama katikati bila kuwataarifu, na kurudisha majaribio yaliyosahihishwa kabla ya mtihani wa mwisho, maana jaribio lisilorudi halimfundishi mtu. Kama wiki ya pili imefika na darasa lenu halijapewa mpango wa kozi, mtumeni mwakilishi wa darasa kwa adabu akauombe, na mkinyimwa nendeni kwa mkuu wa idara. Mkiupata, usomeni wote, mstari kwa mstari, kabla ya maabara ya kwanza.