Je, Wajua? Jiko Linalopika Baiskeli

Karakana ya Bicycle Kitchen ya Los Angeles, Marekani, ilianza mwaka 2002 katika jiko la nyumba ya kupanga ambalo halikuwa likitumika. Mafundi wake wa kujitolea huitwa wapishi.

Hapo mtu haachi baiskeli akaifuata jioni. Anaitundika mwenyewe kwenye stendi na kushika spana, huku mpishi akimwelekeza. Anayeingia na pancha hutoka na ufundi: amezamisha tyubu majini kutafuta tundu, ameikwangua kwa msasa, amepaka gundi na kuiacha ikauke kidogo kabla ya kubandika kiraka.

Cheni nayo hupimwa kwa rula. Kutoka pini moja hadi nyingine ni nusu inchi, kwa hiyo vipande 24 vya cheni mpya vina urefu wa inchi 12 kamili. Zikizidi kwa 1/16 ya inchi, cheni imechakaa. Ibadilishwe kabla haijala meno ya giya.

Karakana huendeshwa kwa michango, na asiye na pesa harudishwi mlangoni. Leo hata San Francisco na Vienna zina majiko ya baiskeli yanayoendeshwa na watu wa kujitolea.